Kuku wa Askofu

Unyoya mwekundu ulikuwa bado umenata kwenye mkono wa shati la Mchungaji Makhanu alipomwambia binti yake kwamba kuku wake, Dorkasi, ameliwa na paka mwitu.

"Paka mwitu, Baba?" Fancy akauliza, akainamisha kichwa. Hakulia. Hilo lilimuuma baba yake zaidi.

Fancy huyu hulilia hata kinyonga aliyekanyagwa! Tangu kanisa liwatoe Bungoma kuja kuhubiri Elburgon, kando ya msitu, marafiki zake ni ndege, vyura na Dorkasi. Lakini Askofu alikuwa anakuja, na kwa kina Makhanu mgeni kama huyo asipowekewa firigisi kwa sahani, jamani, si ni matusi? Basi asubuhi hiyo, ukungu ukiwa umefunika boma, Mchungaji alimnyakua kuku akidonoa mlangoni, akamaliza kazi mtoto hajaamka.

"Huyu tumenunua sokoni," akasema mezani. Fancy akala bawa lote, akaomba na mchuzi. Baba yake alishindwa kumeza hata tonge moja.

Jumapili ikawa mbaya zaidi. Jirani yao, Mama Wanjugu, mjane, alisimama kanisani akilia. Ameibiwa kuku wake wa mayai, na anamshuku Oduor, kijana wa mashine ya mbao.

"Mungu amwanike huyo mwizi, Mchungaji! Omba!"

Makhanu akaomba kwa sauti kubwa, mwizi aanikwe mbele ya watu wote. Kanisa likaitika amina. Oduor akainuka, akatoka nje bila kuangalia mtu. Makhanu akajionea aibu. Mnafiki mkubwa! Amemwibia mtoto wake, halafu anasimama hapo kuombea wezi wa wengine.

Jioni ile akashindwa kuvumilia. Akamwita Fancy, wakaketi kwenye ngazi ya jikoni.

"Mama, nilikudanganya. Hakuna paka mwitu. Dorkasi nilimchinja mimi, ndiye tulimpa Askofu. Nisamehe."

Sasa Fancy akaanza kulia, kamasi na machozi pamoja.

"Usiniombe msamaha, Baba. Ni mimi nimekosa. Nilisikia mkisema mtamchinja. Nikamficha."

"Ulimficha nani?"

Mtoto akamshika mkono, akamzungusha nyuma ya kanisa kwenye rundo la mabanzi, akainua moja polepole. Dorkasi alikuwa amelalia mayai yake. Akatutumua manyoya, akamdonoa Mchungaji kidole.

Ng'ambo ya ua, Mama Wanjugu alikuwa amemkamata Oduor kwa kola, majirani wamejaa.

"Sema, wewe! Kuku wangu mwekundu ulimpeleka wapi?"