Mbabula ya Christella

Wanafunzi wote walifinyanga mbabula za makala, yale majiko ya udongo ya makaa, kama ile iliyochorwa ubaoni. Christella peke yake aliongeza meno matatu marefu ya udongo kwenye mdomo wa mbabula yake.

"Haiko sawa na mufano," Madame, mwalimu wao, alisema alipozikagua zikiwa zimekauka na kuchomwa, kalamu nyekundu mkononi. "Hii meno ni ya nini?"

"Ya kukamata sufuria, Madame. Mama anasongaka bukari na mukono moja. Ule mwingine ulibakia Djugu, siku tulikimbia vita."

Madame aliweka kalamu chini. Akawasha makala ndani ya mbabula ya Christella, akabandika sufuria katikati ya yale meno, na maji yalipochemka akamimina unga. Kisha akaficha mkono wa kushoto mgongoni, akasonga kwa nguvu zake zote.

Sufuria haikutikisika.

"Mukuje muone," akawaita wengine, huku bado anasonga.