Jibu ni Sifuri

Inatangazwa kwa heshima zote kwamba chuo cha kuhesabu karata kilifunguliwa rasmi Jumatatu, saa tatu asubuhi, mbele ya halaiki. Halaiki ilikuwa mama mwenye nyumba, aliyekuwa anapita na ndoo. Mwanafunzi alikuwa mumewe. Mwalimu alikuwa binti yao wa kidato cha tatu, aliyerudishwa nyumbani wiki mbili kwa kosa la kufungua chuo kama hicho bwenini, ambako wenzake walicheza mchezo wa karata wa blackjack kwa dau la sabuni za kufulia.

Mwanafunzi huyo alikuwa dereva wa kreni, miaka ishirini na miwili juu ya majengo ya watu. Mwezi uliopita alishusha tani nzima ya nondo upande ambao hakuna aliyemwelekeza. Zililala juu ya toroli. Mwenye toroli alikuwa ameenda kunywa maji.

"Tumepoteza toroli, hatujapoteza mtu," alisema msimamizi wa ujenzi. "Kapumzike, mzee."

Akapumzika. Akaanza kusimama katikati ya sebule kama mtu aliyeitwa asijue nani kamwita. Msimamizi alimpigia Mama simu: wewe ndiye unayemwona kutwa kucha. Ukisema kichwa kiko sawa, Jumatatu ya wiki ijayo anapanda. Ukisema hakiko sawa, tutamtafutia kiti getini.

Mama hakujua kichwa cha mtu hupimwaje. Ndipo chuo kikapata kazi ya kukipima.

"Ni rahisi, Baba," alisema mwalimu kwa sauti ya mkuu wa shule. "Karata ndogo, mbili hadi sita, kila moja unaongeza moja. Saba, nane na tisa ziache zipite, kama wageni wa jirani. Kumi, ghulamu, malkia, mfalme na ree, kila moja unatoa moja. Kasino, hesabu ikipanda ujue kubwa ndizo zimebaki, hapo unaongeza dau. Hapa nyumbani tunahesabu tu jozi nzima, karata zote hamsini na mbili, hadi mwisho."

"Na mwisho?"

"Unaniambia umefika ngapi."

Siku ya kwanza alifika saba. Siku ya pili akafika hasi tatu, kisha tisa, kisha akauliza walikuwa wanacheza mchezo gani. Midomo yake ilitembea bila sauti. Hakukasirika. Alizitazama karata kama anavyoutazama ukuta.

Jumatano mwalimu akamwonea huruma, akatoboa siri ya chuo.

"Jozi nzima ina ndogo ishirini na kubwa ishirini. Zinafutana. Ukihesabu vizuri, mwisho lazima uwe sifuri. Ukipata kingine chochote, umeteleza."

"Sifuri," alisema Baba.

"Sifuri."

"Sawa."

Kuanzia hapo akaiva. Jumatano jioni, sifuri. Alhamisi mara nne, na mara zote nne sifuri. Hata midomo ikaacha kutembea, na kwa mujibu wa wataalamu wa bwenini hiyo ni dalili ya mtu aliyebobea. Mama akawa anaitua ndoo yake chini na kusimama kutazama.

"Huyu si ndiye mliyesema amechoka?" aliuuliza ukuta.

Ijumaa ukafanyika mtihani wa mwisho, Mama akiwa mkaguzi, simu yake ikiwa mezani kando ya chumvi. Mwalimu alikaa wima, akazigeuza karata kwa kasi kuliko siku zote.

"Punguza mwendo, we mtoto. Huyo ni baba yako, si mashine."

"Kasino hawamsubiri mtu, Mama."

Mama alitazama kidogo. "Mbona hawa malkia wengi hivi? Wameolewa na nani?"

"Mama, mtihani unaendelea."

Karata ya mwisho ikatua. Baba akalaza viganja vyake juu ya meza.

"Sifuri," alisema.

Mama akamgeukia mwalimu. Mwalimu alikuwa anaangalia chumvi.

"Haya, sema basi. Kapata au hakupata?"

"Sahihi," alisema mwalimu.

Mama hakushangilia. Alifuta uso kwa kiganja, akachukua simu, akasema maneno mawili: "Yuko sawa." Alisikiliza, akaongeza la tatu: "Asante." Baba akauliza kama chai ipo. Chai ilikuwa mbele yake.

"Imepoa, hicho ndicho unachouliza," alisema Mama, akakichukua kikombe kwenda kukipasha moto, akicheka.

Leo ni Jumatatu, saa nne na nusu. Kreni inaonekana kutoka dirisha la jikoni, ndefu kuliko nyumba zote, na mkono wake umeanza kuzunguka na kitu kizito kikining'inia. Mama anamenya vitunguu. Anaimba, na sauti yake ni mbaya kama kawaida. Chini ya jengo lile hufanya kazi watu arobaini na watatu. Baba ndiye aliyewahi kutuambia, zamani, alipokuwa akiwahesabu kutoka juu kabla ya kushusha chochote.

"Hivi wewe," anauliza Mama bila kugeuka, "Ijumaa ile ulichelewa nini kusema amepata?"

Mwalimu ni mimi. Nilitaka kumcheka Baba kidogo tu, kwa hiyo muda wote wa mtihani nilikuwa nimewakalia wafalme wote wanne, na jibu sahihi lilikuwa nne.