Jina la Kufungulia Filamu

Sheria ni kwamba filamu hufunguliwa kwa jina la marehemu wa familia, na marehemu mmoja hutumika mara moja tu. Isipokuwa na jina, chuo hakiipokei. Babu alishatumiwa na kaka yangu, kwenye kichekesho, tena kibovu.

Nikamwonyesha bibi nilivyopanga: skrini nyeusi, mlio wa cherehani yake, halafu jina lake, MASHAVU BINTI KOMBO, linajitokeza taratibu kwa herufi nyeupe.

"Zuri," akasema, akijiinua kitandani. "Ila nyeupe inaumiza macho. Weka manjano."

Nikaweka manjano. Mama akaingia na uji wa bibi na dawa zake za moyo. Akaitazama kompyuta, kisha akanitazama mimi.

"Unakabidhi lini?" bibi akauliza.

"Ijumaa, bibi. Na hawaongezi muda."

Bibi akanywa uji wote. Dawa akazisogeza ukingoni mwa sahani, akalala akiuelekea ukuta. Nikangoja mama amkemee kama siku zote.

Mama akaichukua sahani pamoja na dawa. Alipofika mlangoni akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama jina haliwezi kukaa kwenye skrini muda mrefu kidogo.