Nyumba ya Nne

Luseno aliipokea kata kwa mikono miwili, akafumba macho, akameza. Hii ilikuwa nyumba ya tatu tangu asubuhi, na koo lake bado lilikuwa linakataa.

Nyanya aliyeipika pombe ile alicheka hadi akashika kiuno. "Mluhya na pombe ya asali! Nyinyi si watu wa busaa?"

"Huyu hata busaa haijui, nyanya," Muoki alisema. "Mlokole huyu. Hajawahi kunywa tangu azaliwe."

"Na leo kumeingia nini?"

"Anaenda kwa baba yangu kuomba mke. Dada yangu."

Nyanya alimtazama Luseno, mvi zake za kidevuni na suti nyeusi katika jua lile la Kangundo. "Kwa umri huu? Haya, mwanangu, usiimeze kama dawa. Uchungu hutangulia, utamu huja nyuma. Ungoje."

Luseno aliungoja. Ulikuja kidogo, kama harufu ya moshi wa mzinga, kisha ukapotea.

"Hii bado changa, mama," alisema kwa adabu.

"Kumbe anajifunza!" Nyanya alipiga makofi. "Nendeni Mitaboni kwa Kathini. Ile yake imekaa."

Walirudi kwenye pikapu ya Muoki. Nyuma, mbuzi watatu walikuwa wamelala kwenye majani makavu.

Miaka minne iliyopita Luseno aliileta pombe ya asali kwa Mzee Kilonzo, baba yake Ndindi, kwenye mtungi wa plastiki, akiwa ameinunua kando ya barabara bila hata kuifungua. Mila ya nyumba ile ni kwamba anayeomba mke huonja kwanza, ndipo baba wa msichana anywe. Luseno alikataa kuonja. Alisema ameokoka. Mzee akasimama. "Mtu haniletei kitu asichoweza kumeza," alisema. Mbuzi walirudishwa kwenye gari lilelile lililowaleta, na Ndindi alilia hadi Mukuru kwa Njenga, Nairobi, kwenye chumba walichokuwa wameishi pamoja miaka saba bila kuitwa mtu na mkewe.

Safari hii mzee alikuwa ametuma neno moja tu. Kabla jua la Ijumaa halijazama. La sivyo, Ndindi atarudi Kathiani kwao, na huko ndiko atakakokaa.

Leo ilikuwa Ijumaa.

Mfukoni mwa koti Luseno alikuwa na karatasi. Ndindi aliiandika mwenyewe, mistari ikipanda na kushuka. Juu kabisa: Safari yetu ya siku moja. Chini yake: Tala, muthokoi wa Mama Ndanu, umalize sahani. Kangundo, parachichi, zile ndogo. Mitaboni, asali, na kama utaweza, onja ile nyingine. Kila mwaka alimwomba wazunguke wakila chakula cha kwao, na kila mwaka Luseno alijibu kwamba kiwanda cha magodoro hakitoi ruhusa. Wiki hii kiwanda kilimpa siku saba, hata hakubishana na mtu.

Pale Tala, Mama Ndanu alikuwa ameuliza, "Leo hamkuja na Ndindi?"

"Amebaki Nairobi," Muoki alijibu, akaisukuma kando sahani yake ya mahindi yaliyokobolewa. Luseno alimaliza ya kwake, kwa kuwa ilikuwa imeandikwa.

Njiani simu ililia. Ilikuwa ni Millicent, jirani yao.

"Shemeji, gauni nimelipiga pasi. Lile lake la rangi ya maziwa, la mtumba wa Gikomba. Aki ni kama jipya."

"Asante. Usimvishe bado."

Haikupita dakika kumi, Patrobas, kaka yake Luseno, akapiga kutoka kwao Butere. "Vijana wako hapa, chai wamekunywa. Wanauliza waanze ama wangoje?"

"Wangoje. Bado sijapewa."

Kwa Kathini, nyumba ya nne, Luseno alimeza na kungoja. Uchungu ulipita. Utamu ukaja, ukakaa. Aligeuka haraka kumwambia Ndindi, akamkuta Muoki anatazama kando.

"Ni hii," alisema.

Walifika Kathiani jua likiwa juu ya kilima. Mzee Kilonzo alikuwa ameketi mlangoni na ndugu zake wawili. Macho yake yalikuwa mekundu. Aliwakagua mbuzi bila kunyanyuka, akaelekeza kidole kwenye kibuyu.

Muoki alimimina. Luseno hakungoja kuambiwa. Alikunywa kata nzima, mzee akiliangalia koo lake likipanda na kushuka.

"Miaka minne," mzee alisema. "Kwa kitu kidogo namna hii."

"Ndiyo, baba."

"Kila Krismasi ananijia hapa peke yake. Ananiambia, baba, yule ni mtu mzuri, ana kichwa kigumu tu."

Luseno aliinamisha kichwa hicho.

Mzee alipokea kata. Pombe ilimmwagikia gotini, asiifute. Alikunywa. Kisha akamkabidhi Luseno kata tupu.

"Mchukue," alisema. "Ni mke wako."

Hakuna aliyepiga vigelegele. Muoki aliingia ndani na kufunga mlango.

Luseno alitembea hadi kwenye ua wa mbuzi, akapiga simu Butere. Patrobas aliipokea kabla haijalia mara ya pili.

"Nimepewa," Luseno alisema. "Waambie vijana waanze kuchimba, pale karibu na kaburi la mama. Kesho namleta mke wangu nyumbani."