Msemo Unaoingia, Msemo Unaotoka

Siku hizi kichwa kina kipimo: kliniki wakikutia msemo mmoja wa Kiingereza, mmoja wako wa zamani unatoka, na huchagui upi.

Nilikubali kwa ajili ya mjukuu wangu Nasra, asiyejua Kiswahili. Siku aliyoniambia nivunjike mguu nililia, kumbe ananitakia heri! Sasa namwelewa hata akiyakatakata maneno. Tunacheka mpaka chai inapoa.

Jana dada yangu Mwanakombo alinipigia simu.

“Kitendawili!” akaanza, kama alivyozoea tangu utoto wetu.

Nikaihamishia simu sikio la pili.

“We, kitendawili!”

Nilijua anasubiri neno moja tu. “Ndiyo, dada,” nikasema.

Akashusha sauti. Halafu, kwa adabu kama ya kumwuliza mgeni: “Samahani, nazungumza na nani?”