Mfano Hai

Gambuti za Omariba zilikuwa mlangoni kwa Rodah, muuza pombe ya busaa, na Lazarus, aliyekuwa amechutama katikati ya shamba la chai, nusura apige haleluya.

Mvua ya alasiri ilimpiga mgongoni, hakuijali. Kesho angehubiri mbele ya mchungaji wake wa Methodisti, na mahubiri hayo ndiyo yangeamua kama atakuwa mhubiri kamili au ataendelea kusoma matangazo maisha yake yote. Somo lilikuwa tayari: neema ya Mungu ni ya kila mtu, lakini aliyeokoka asipojichunga huanguka. Alichokosa ni mfano hai.

Mwaka mzima Omariba, Mbatisti, alimbishia hilo wakichuma chai pamoja. "Ukishaokoka umeokoka, ndugu. Mungu hakuachilii." Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomkera Lazarus.

Sasa mtu wa upole yuko kwa Rodah! Na nani angemwona, kama si Lazarus aliyekuwa akipita tu pale, kama alivyokuwa akipita Jumamosi zote?

Alijiona shujaa. Alijiona pia mnyenyekevu, na hilo lilimpendeza zaidi. Angemshika Omariba mkono, amtoe nje, amlilie kidogo, kisha kesho amtaje kanisani bila kutaja jina, labda herufi ya kwanza tu.

Akazunguka nyuma ya nyumba. Mbwa wa Rodah, aliyewahi kumrarulia suruali karani wa chai, akamtikisia mkia. Lazarus akainama kukwepa boriti ya mlango, akasukuma ubao.

"Omariba! Umeanguka!"

Hakuna aliyeshtuka. Omariba alikuwa amepiga magoti, Biblia mkononi. Kando yake Rodah alikuwa akipangusa machozi kwa leso, na pipa la busaa lilikuwa limelazwa sakafuni, tupu.

"Mhubiri, leo hakuna kitu," Rodah akasema. "Nimeokoka."

Akainuka, akanyoosha mkono hadi kwenye rafu ya juu, akashusha kikombe kikubwa cha bati.

"Shika kikombe yako uende nayo."

Mvua ilisikika juu ya mabati. Omariba akafunga Biblia polepole.

"Sasa, ndugu," akauliza kwa upole ule ule, "kwako tutumie mafundisho gani, yenu ama yetu?"