Waya wa Chumba Baridi

Asilimia kumi na mbili. Ronnie alikuwa amechuchumaa kati ya mitungi ya maziwa, laptop magotini, waya mnene ukiiunganisha na kisanduku cha kijivu ukutani.

Kisanduku hicho kiliweka rekodi ya kila mtu aliyefungua chumba baridi, kwa namba ya kadi yake, na Ronnie alikuja kuinakili. Kilikuwa cha zamani, hakikujua intaneti. Uliongea nacho kwa waya huo tu, kwa amri za kuandika, polepole kama mtu anayesomewa barua.

"Itasema sikuwa hapa?" Musimbi aliuliza.

"Itasema ukweli, Mama Mdogo."

Jumapili moja mtu alizima mitambo ya baridi, na maziwa ya siku mbili yakachacha. Wenye kadi walikuwa watatu. Musimbi, aliyefanya usafi pale kiwandani miaka kumi na minne, ndiye aliyesimamishwa kazi, ingawa siku hiyo kanisa zima kule mtaani Huruma lilimwona kwenye kwaya. Saa nne asubuhi hii wakubwa wangekaa kuamua. Musimbi ndiye aliyemlea Ronnie na kumsomesha mpaka akahitimu.

Hakuna aliyetaka kuwasaidia ila Omollo, fundi mkuu. Aliwafungulia mlango kwa kadi yake, akamwazima Ronnie waya, akamtumia na faili moja la kupeleka kwenye kisanduku, akisema bila faili hilo kisanduku hakijibu. Chuoni Ronnie hakuwahi kugusa mashine ya aina hii. Basi Omollo akamsomea amri kwa simu, herufi kwa herufi, naye akaandika bila kuuliza. Fundi mkubwa akisema, kijana huandika.

"Mahali pa jina weka lako," Omollo alikuwa amemwambia. "Mimi ni shahidi. Wakiona langu watasema nimewapendelea."

Asilimia sitini. Themanini. Musimbi alikaza kitambaa chake cha kichwa, akaomba kwa Kimaragoli, midomo ikicheza tu. Ronnie alijiambia kwamba watu wema bado wako. Wanangoja tu kuombwa.

Mia.

Simu ikalia papo hapo.

"Imeisha?" Omollo aliuliza. "Chomoa waya, mwende mkutanoni. Usifungue kitu hapo, utaharibu."

"Asante sana, mkubwa. Mungu akubariki."

"Ni kazi tu, kijana wangu."

Lakini Musimbi alitaka kuiona rekodi kwa macho yake kabla ya kusimama mbele ya watu. Ronnie akacheka kidogo, akaitafuta. Akatafuta tena. Kwenye laptop hakukuwa na faili jipya lolote.

Akainua macho. Kwenye kioo kidogo cha kisanduku maandishi yalikuwa yakipita taratibu: faili limepokelewa, rekodi za zamani zimefutwa, mtumaji Ronnie.